Picha ya samaki mfu kwenye chupa ya dawa inasema nini hasa

Utupa hauna sura ya kutisha. Ni kichaka cha jamii ya mikunde, majani yake madogo yamepangana mawili mawili, maua yake meupe au ya zambarau, na ukiukuta kandokando ya shamba utadhani umepandwa kurutubisha udongo tu. Wavuvi wa mito na maziwa yetu wanaujua kwa kazi nyingine. Majani hutwangwa, hutiwa kwenye maji yaliyotulia, na baada ya muda samaki huanza kupanda juu wakitweta, wengine matumbo juu, wakingoja kuokotwa. Kisha watu wanawapika, wanawala na wanalala salama.

Hapo ndipo pa kujiuliza. Imekuwaje sumu iliyomuua samaki isimguse aliyemla? Ndani ya utupa mna jamii ya kemikali zinazoitwa rotenoidi, zinazozuia chembe za mwili kutumia oksijeni. Samaki hupumua kwa matamvua, na kwenye matamvua damu na maji vimetenganishwa na utando mwembamba mno, hivyo sumu huingia bila kubisha hodi. Tumboni mwa binadamu kemikali hiyo hiyo hupenya kwa shida, na kidogo inayopenya ini huivunja. Kwa hiyo ukiniuliza kama utupa ni sumu, nami nitakuuliza: sumu kwa nani, kwa kupitia wapi, kiasi gani na kwa muda gani? Kazi yote ya kupima madhara ya kemikali kwa viumbe wa majini ni kujibu maswali hayo manne kwa namba. Ubishi mwingi ninaousikia kuhusu dawa za shambani na samaki hutokea pale mtu anapojibu swali moja akadhani amemaliza yote.

Kuvua kwa sumu kumekatazwa; Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 iko wazi. Lakini kabla ya sheria hiyo, miaka ya tisini, hofu ilikuwa imeshahama kutoka kwenye utupa hadi kwenye chupa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia katika soko lake kwa wasiwasi kwamba baadhi yao walivuliwa kwa viuatilifu. Viwanda vya minofu ya sangara vya Kenya, Uganda na Tanzania viliyumba. Kiuatilifu kilichotajwa sana wakati huo ni endosulfani, dawa ya wadudu wa pamba na kahawa, ambayo mikrogramu moja hivi (sehemu ya elfu ya miligramu) katika lita ya maji inatosha kuua samaki aina ya trauti. Mwaka 2011 dawa hiyo iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, yaani orodha ya kemikali ambazo dunia imekubaliana kuachana nazo.

Sasa ingia kwenye duka lolote la pembejeo. Mzee anataka dawa ya wadudu wa nyanya. Muuzaji, binti aliyezoea kazi yake, anamshushia chupa: "Mzee, chukua hii. Mkanda wake ni wa bluu, haina makali." Hamdanganyi. Chini ya lebo kuna mkanda wa rangi: nyekundu, njano, bluu au kijani, na kadiri unavyoelekea kwenye kijani ndivyo dawa inavyopungua ukali. Tatizo ni kwamba mkanda huo unamzungumzia binadamu. Msingi wake ni vipimo vinavyofanywa kwa panya, kisha Shirika la Afya Duniani likapanga madaraja. Samaki hakuulizwa. Dawa inaweza kuwa na mkanda wa bluu, hata wa kijani, na bado ikasafisha bwawa zima.

Habari za samaki ziko sehemu nyingine ya lebo: ndani ya umbo la almasi lenye ukingo mwekundu, mti uliokauka na samaki amelala chali. Alama hiyo inatokana na mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali, unaojulikana kwa kifupi kama GHS, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003. Ili kemikali ipewe daraja katika mfumo huo, kwanza hupitishwa kwa viumbe watatu.

Wa kwanza ni mwani, maana ndio chakula cha msingi majini. Wa pili ni dafnia, mdudu wa jamii ya kamba, mdogo kama punje ya ulezi, arukaye majini kama kiroboto. Wa tatu ni samaki. Mantiki yake ni rahisi: mmoja anatengeneza chakula kwa jua, mmoja anamla huyo, mmoja anawala wote. Ukiwajua hawa watatu, umegusa ngazi tatu za ziwa.

Tuangalie jaribio la dafnia kwa karibu, maana ndilo linaloeleweka upesi. Huchukuliwa vichanga ambao hawajatimiza saa 24 tangu kuzaliwa. Vikombe vya kioo hupangwa mezani, kila kimoja na kiwango chake cha kemikali, kuanzia kidogo hadi kingi, pamoja na vikombe vya maji matupu ili kujua kama kuna wanaojifia tu. Kwa kila kiwango huwekwa dafnia 20, kwa kawaida watano watano. Hawalishwi. Baada ya saa 24, na tena baada ya saa 48, mtafiti hukitikisa kikombe polepole na kuhesabu. Dafnia ambaye sekunde 15 zinapita bila kuogelea huhesabiwa kuwa ameshindwa. Haijalishi kama moyo bado unadunda, na kwa darubini moyo huo unaonekana vizuri kabisa kwa sababu mwili wake ni angavu. Dafnia asiyeogelea ni chakula cha mwingine.

Samaki hupimwa kwa saa 96, yaani siku nne kamili, na mwani kwa saa 72 huku ukiangaliwa kasi ya kukua kwake. Mwishoni huchorwa mstari na kutafutwa kiwango ambacho nusu ya samaki wangekufa. Namba hiyo huitwa LC50. Watu wengi huisoma kinyume: namba ikiwa ndogo, sumu ni kali zaidi, kwa sababu kiasi kidogo kimetosha. Kemikali yenye LC50 ya miligramu 80 kwa lita ni pole ikilinganishwa na yenye LC50 ya 0.8.

Mfumo unasema hivi: ikiwa angalau kiumbe mmoja kati ya hao watatu ameangushwa na miligramu 1 kwa lita au pungufu, kemikali iko daraja la kwanza la sumu ya haraka. Juu ya 1 hadi 10 ni daraja la pili, juu ya 10 hadi 100 la tatu. Kwa sumu ya haraka, ni daraja la kwanza pekee linalobeba picha ya samaki.

Na hapa kuna jambo linaloniudhi kidogo. Daraja la kwanza lina mlango lakini halina ukuta wa nyuma. Kemikali inayoua kwa miligramu 0.9 imo humo, na inayoua kwa 0.0002 imo humo vilevile, ingawa ya pili ni kali mara 4,500 kuliko ya kwanza. Picha ni ile ile, samaki ni yule yule. Wataalamu wanalijua hilo, ndiyo maana wana kizidishi wanachokitumia kukokotoa madaraja ya michanganyiko: kemikali inayoua kati ya 0.0001 na 0.001 huzidishwa mara 1,000. Ila kizidishi hicho kinabaki kwenye makaratasi ya kiwanda na ya msajili. Mzee wa nyanya hakioni.

Hiyo 0.0002 sikuitunga. Ndicho kiwango, kwa makadirio, ambacho lambda-sihalothrini huua aina za samaki zilizojaribiwa. Ni dawa ya wadudu ya kundi la pairethroidi inayouzwa kila kona Afrika Mashariki kwa majina mengi ya biashara, mara nyingi ikiwa na nguvu ya asilimia 5, yaani gramu 50 za kiini katika lita moja. Tufanye hesabu ya mfuniko. Tuseme mfuniko wa chupa unabeba mililita 20. Humo mna gramu moja ya kiini. Gramu moja ni miligramu 1,000; gawanya kwa 0.0002, unapata lita milioni tano, sawa na mita za ujazo 5,000. Bwawa la kufugia sato lenye urefu wa mita 20, upana wa mita 15 na kina cha mita moja lina mita za ujazo 300. Kwa hiyo mfuniko mmoja, kwenye karatasi, unatosha kuua nusu ya samaki wa mabwawa zaidi ya kumi na sita.

Nimesema kwenye karatasi, na hapo ndipo penye fundo lenyewe. Kiswahili cha kila siku kina neno moja, hatari, kwa mambo mawili ambayo mpimaji lazima ayatenganishe. Kuna hatari iliyomo ndani ya kemikali, ile inayosomwa kwenye vikombe vya maabara. Na kuna hatari inayomfikia kiumbe huko aliko, ambayo inategemea kiasi kilichofika, hali ya maji na muda. Picha ya samaki inazungumzia ile ya kwanza peke yake.

Lambda-sihalothrini inachukia maji. Ikidondoka kwenye bwawa lenye tope na majani, hukimbilia kujishika kwenye tope, kwenye magugu, kwenye chochote chenye mafuta au mabaki ya mimea. Ndani ya saa chache, au siku moja hivi, sehemu kubwa imeshatoka majini. Kikombe cha maabara hakina tope. Maji yake ni safi kama ya chupa. Ndiyo maana mtu anaweza kuosha bomba la kupulizia kwenye mfereji wenye maji ya matope, asione samaki hata mmoja akielea, akarudi nyumbani akisema lebo inatia chumvi. Ameona kweli, lakini ameangalia juu tu. Dawa imeenda chini, na chini kuna wakazi wake: viluwiluwi wa wale vijidudu wa ziwani ambao Ziwa Victoria huwatoa kwa mawingu kama moshi. Hao wanaishi ndani ya tope na kulila. Kwa ajili yao yapo majaribio maalumu ambapo kemikali huchanganywa na mashapo, viluwiluwi wakawekwa humo, kisha huhesabiwa wangapi wamefaulu kuota mabawa na kuruka. Pairethroidi, isitoshe, huwaangusha wadudu na jamaa za kamba kwa viwango vilivyo chini hata ya vile vya samaki. Dagaa hula hao. Kwa hiyo samaki anaweza kuponea sumu akaja kukosa chakula.

Swali la muda nalo lina mambo yake. Siku nne si maisha ya samaki. Kwa hiyo kuna majaribio marefu: dafnia huachwa siku 21 na kuhesabiwa watoto wanaozaa, samaki hufuatiliwa tangu yai. Kinachotafutwa ni kiwango cha juu kabisa ambacho bado hakijaleta athari inayoonekana. Umuhimu wake ulionekana waziwazi Kanada. Kati ya mwaka 2001 na 2003 watafiti walitia ziwa dogo zima la Ontario homoni ya kike ya bandia, ile ya vidonge vya uzazi wa mpango, kwa kiwango cha nanogramu tano hadi sita tu kwa lita (nanogramu ni sehemu ya elfu ya mikrogramu). Hakuna samaki aliyeelea. Lakini madume ya samaki wadogo wa ziwa hilo walianza kutengeneza protini ya kiini cha yai, mbegu zao zikavurugika, na baada ya misimu michache kundi lao likakaribia kutoweka. Jaribio la saa 96 lingeipitisha homoni hiyo ikiwa imenyooka kama mshale.

Ndiyo maana mfumo una safu ya pili ya madaraja, ya madhara ya muda mrefu, na humo huulizwa mambo mawili zaidi: je, kemikali inaoza, na je, inajilimbikiza mwilini? Kuoza hupimwa kwa chupa yenye vijidudu kutoka kwenye maji taka. Baada ya siku 28 inaangaliwa wamekula kiasi gani. Kujilimbikiza hukadiriwa kwa kuona kama kemikali inapenda mafuta kuliko maji, au kwa kumpima samaki mwenyewe. DDT, dawa ya wadudu ya zamani, ilifeli yote mawili. Zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu haina hata habari ya kuoza, maana elementi haivunjiki. Inachofanya ni kubadilika kuwa zebaki-methili na kupanda kutoka kwa mdogo hadi kwa mkubwa, na mkubwa wetu ni sangara.

Baada ya namba zote hizi, mpimaji bado hajui ziwa litavumilia kiasi gani. Hapo hufanya jambo ambalo wengi huliona kama uchawi, nami naliona kama unyenyekevu. Tuseme mwani umepata madhara kwa miligramu 4, dafnia kwa 0.5 na samaki kwa 2. Anachukua namba ya aliye dhaifu kuliko wote, 0.5, na kuigawa kwa 1,000. Anabaki na 0.0005, na hicho ndicho kiwango anachotarajia hakitamdhuru yeyote. Kwa nini elfu? Kwa sababu ametoka kikombe kwenda ziwa, siku mbili kwenda maisha yote, aina tatu za viumbe kwenda maelfu. Akipata majaribio ya muda mrefu ya viumbe wote watatu, anaruhusiwa kugawa kwa 10 tu. Kadiri ujinga unavyopungua ndivyo kigawanyo kinavyopungua. Kisha anakadiria kiasi kitakachofika majini baada ya mvua kuosha shamba au upepo kupeperusha dawa. Kinachofika kikizidi kinachovumilika, kuna kazi ya kufanya: kupunguza kipimo, kuweka umbali kati ya shamba na mto, au kuinyima dawa usajili. Tanzania, maamuzi hayo kwa viuatilifu yako mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

Ni haki kuuliza: samaki aliyepimwa ni samaki gani? Mwongozo wa kimataifa unaotumika zaidi kwa samaki una orodha ya aina zinazopendekezwa, kama trauti wa maji baridi, samaki-pundamilia (zebrafish) na samaki aina ya carp wa mabwawa ya Asia na Ulaya. Sato hayumo. Furu, waliokuwa mamia ya aina Ziwa Victoria, hawamo. Na maji yetu si maji ya trauti. Pairethroidi kwa kawaida hupungua makali maji yakipata joto, hiyo ni nafuu kwetu. Amonia ni kinyume chake. Amonia iko majini kwa sura mbili, na ile isiyo na chaji ndiyo inayoua. Kwenye maji ya nyuzi 25 yenye pH 7 (pH ni kipimo cha uchachu wa maji; 7 ni katikati), sehemu hiyo haifiki hata asilimia moja ya amonia yote. Kwenye pH 9, ambayo ndiyo hali ya karibu ya Ziwa Tanganyika, ni zaidi ya theluthi. Kiasi kile kile cha mbolea au cha kinyesi cha samaki wa vizimba kina maana tofauti kabisa katika maji hayo mawili. Mrututu nao, yaani salfeti ya shaba, unaopulizwa kwenye kahawa na nyanya, huua kwa urahisi katika maji laini ya mito ya milimani, lakini katika maji magumu yenye chokaa nyingi madini mengine hugombania nafasi kwenye matamvua na makali yake hupungua.

Usajili pia hupima kemikali inayojulikana, na mara nyingine muuaji ni mtoto wake. Kwa miaka mingi huko Puget Sound, Marekani, samaki aina ya samoni-koho walikuwa wakipanda vijito vya Seattle kwenda kuzaa, na kila mvua iliponyesha walikufa kabla ya kutaga. Desemba 2020 watafiti walitangaza chanzo: dawa inayotiwa kwenye matairi ili mpira usipasuke, iitwayo 6PPD, ikikutana na ozoni ya hewani hugeuka kuwa kemikali nyingine, na mvua huisomba kutoka barabarani. Kemikali hiyo mpya huua koho kwa kiwango kilicho chini ya mikrogramu moja kwa lita. Samoni wa aina nyingine, ndugu yake wa karibu, waliogelea humo bila kudhurika. Angepimwa huyo ndugu peke yake, koho wangeendelea kufa bila maelezo.

Nirudi kwenye utupa. Siku hizi umerudi mashambani kwa heshima, kama dawa ya asili: majani huloweshwa, maji yakachujwa, yakapulizwa kwenye mboga au kuoshea ng'ombe dhidi ya kupe. Nauunga mkono kwa sehemu, kwa sababu rotenoidi huvunjika haraka kwenye jua na maji ya uvuguvugu, kwa siku chache tu, jambo ambalo endosulfani haikuwahi kuliweza. Lakini rotenoni, ndugu wa karibu wa kemikali za utupa aliyepimwa maabara, iko daraja la kwanza, la haraka na la muda mrefu pia, samaki chali na mti mkavu. Ndoo ya majani yaliyoloweshwa haina lebo, wala mkanda wa rangi, wala picha, na jioni inasuuzwa mtoni pamoja na vyombo vingine.